GARY KILDALL: Aliipa kompyuta ndogo lugha ya kikubwa, sisi tukamkumbuka kwa ndege

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tumwongelee mtu mmoja aliyefariki mwaka 1994, wengi wetu tukiwa hata hatujazaliwa. Anaitwa Gary Kildall. Ukimtaja kwenye vijiwe vya watu wa kompyuta utasikia stori moja tu: yule jamaa aliyekwenda kurusha ndege siku IBM walipomfuata na dili, Bill Gates akalichukua, basi. Watu wanacheka, mada inahamia kwingine.

Mimi stori hiyo inanikera. Siyo kwamba yote ni uongo, ila imemmeza mtu mzima. Mimi nimeishia form six, programu nimejifunzia humu humu internet cafe kwa kulipia dakika, na kadiri ninavyojifunza ndivyo ninavyozidi kukutana na alama za vidole vya huyu mzee. Kwa hiyo leo namsimulia nijuavyo, na hiyo siku ya ndege tutaifikia, msiwe na haraka.

Gary Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942. Familia yao ilikuwa ya mabaharia kwa maana ya vitabuni: babu yake alianzisha shule ya kufundisha unahodha, baba yake akaiendesha. Pale walifundisha vijana kujua meli iko wapi katikati ya bahari kwa kupima jua na nyota halafu kupiga hesabu ndefu za pembe. Gary mwenyewe shuleni hakuwa moto wa kuotea mbali. Alipenda kufungua vitu, magari na mitambo, na alifundisha kwenye hiyo shule ya nyumbani. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Washington akidhani atakuwa mwalimu wa hesabu. Huko akakutana na kompyuta, na hesabu ikabaki kuwa mke mwenza.

Enzi hizo kompyuta ilikuwa inajaza chumba. Unaandika programu kwenye kadi za karatasi, unampa mtu dirishani, unarudi kesho kuona kama imekubali. Gary alizama kwenye kitu kinachoitwa kompaila. Kwa asiyejua, kompaila ni programu inayotafsiri lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma kwenda kwenye namba ambazo prosesa inazielewa. Prosesa haijui lugha yoyote ya kwetu, inajua namba zake tu, na kila ukoo wa prosesa una namba zake. Shikeni hapo, maana stori yote imesimama juu ya hilo.

Vita vya Vietnam vilikuwa vinachukua vijana. Gary akaingia jeshi la majini na kupangiwa kufundisha kompyuta kwenye chuo chao cha Monterey, California. Huku akifundisha akamalizia masomo yake ya udaktari, akayapata mwaka 1972. Tasnifu yake ilihusu namna kompaila inavyoweza kuchunguza programu nzima na kuifupisha bila kuiharibu. Nitairudia hiyo baadaye, msiisahau.

Mwishoni mwa 1971 kampuni ya Intel ikatoa chipu inaitwa 4004. Transista 2,300 tu, inafanya kazi kwa biti 4 kila mara. Intel waliifikiria zaidi kwa ajili ya mashine za kupigia hesabu. Gary aliona tangazo lake, kwamba unaweza kununua kompyuta kwa dola 25. Hebu fikiria mtu ambaye maisha yake yote kompyuta ni jengo, anaambiwa kuna moja inaingia kwenye kiganja. Akaichukua, na kitu cha kwanza alichokifikiria ni baba yake na zile hesabu za nyota: je, kichipu hiki kinaweza kupiga hesabu za unahodha ndani ya meli? Akaanza kukiandikia programu za pembe.

Hapo ndipo alipokutana na ukuta. Chipu ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba huwezi hata kuandikia programu juu yake. Haina skrini, haina kibodi, haina pa kuhifadhi. Alichofanya ni kuandika simuleta, yaani programu ndani ya kompyuta kubwa ya chuo inayojifanya kuwa ile chipu. Unajaribu kazi yako kule kwenye kubwa, ikikubali unaihamishia kwenye ndogo. Intel walipoona wakamwita awe anakwenda kuwafanyia kazi ya ushauri, siku moja kwa wiki.

Mwaka 1972 Intel wakatoa 8008, ya biti 8. Hii nayo ilikuwa na vituko. Memori mwisho kilobaiti 16. Sehemu ya kukumbuka programu ilikotoka inapoita programu nyingine ilikuwa ndani ya chipu yenyewe, na mwisho wake ni ngazi 7. Ukizidisha, inasahau njia ya kurudi. Watu walikuwa wanaiandikia kwa asembli, yaani amri moja moja za prosesa. Kujumlisha namba mbili kubwa ni mistari kadhaa, na ukikosea mmoja mashine inagoma bila kukwambia imegomea wapi.

Wataalamu wengi wa wakati ule wangekwambia ndivyo ilivyo, kwamba lugha za kistaarabu ni za mashine kubwa, na kichipu kama hiki utakiandikia kwa mkono mpaka uzeeke. Gary akawaambia Intel inawezekana kukitengenezea lugha. Akatengeneza PL/M. Kufikia 1973 ikawa inatumika.

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ndipo penye utamu.

Ujanja wa PL/M ni kwamba Gary hakujaribu kuleta lugha kubwa nzima kuishindilia kwenye chipu ndogo. Aliazima mpangilio kutoka lugha za wakubwa, unaandika kama-hivi-fanya-vile, unarudia, unagawa kazi kwenye vipande vyenye majina. Lakini aina za data zilikuwa mbili tu: baiti, na anwani ya memori. Basi. Hakuna namba za desimali, hakuna maneno marefu, hakuna mambo ya kuchapisha yaliyojengwa ndani. Unataka kuongea na kifaa cha nje? Unaandika kwenye mlango wa chipu mwenyewe, lakini kwa lugha inayosomeka. Lugha ilikuwa na umbo la prosesa.

Na kompaila yenyewe haikukaa kwenye chipu. Aliiandika kwa Fortran, ikawa inaendeshwa kwenye kompyuta kubwa na kutoa namba za kwenda kuwekwa kwenye ile ndogo. Leo mtu anayeandikia simu au kirauta programu akiwa kwenye laptop anafanya hivyo hivyo. Mashine yenye nguvu inamsaidia mnyonge.

Sasa lugha ipo. Kilichokosekana ni pa kuhifadhia. Wakati huo diski za flopi za inchi 8 ndizo kwanza zinaingia sokoni, moja inabeba kama kilobaiti 250. Gary akapata draivu chakavu ya majaribio kutoka kampuni ya Shugart. Tatizo, hakujua kutengeneza saketi ya kuiunganisha. Mtu wa programu huyo, waya zilimshinda. Draivu ikakaa, mpaka alipomwita rafiki yake wa chuoni, John Torode, akamtengenezea. Hiyo ni 1974, mwaka ambao Intel pia walitoa prosesa ya 8080 inayofika kilobaiti 64 za memori.

Na hapo, nyumbani kwake mji wa Pacific Grove, Gary akaandika CP/M. Ni mfumo endeshi: kitu kinachojua faili liko wapi kwenye diski, kinachopokea amri zako, kinachoita programu ije kwenye memori na kuipisha ifanye kazi. Katika matoleo ya mwanzo, kiini chake, ile sehemu inayoshughulika na faili, aliiandika kwa PL/M.

Mdau, unaelewa uzito wake? Huu ni mwaka 1974. Mfumo endeshi wa kompyuta ya mezani, kwenye chipu ambayo hata waliyoitengeneza waliiona ni ya mitambo midogo, kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya juu. Kule maabara za Bell nao walikuwa wameuandika upya Unix kwa lugha ya C mwaka 1973, lakini wao walikuwa na PDP-11, mashine ya kabati zima. Gary alikuwa na chipu moja na flopi chakavu.

Sitaki niwadanganye kwamba ilikuwa mteremko. Lugha ya juu inakula memori kuliko asembli ya mtu anayejua kazi, na memori ilikuwa ghali. CP/M ilipofika toleo la 2, kiini kikaandikwa upya kwa asembli ili kibane na kukimbia. Wapo wanaosema hiyo inaonyesha PL/M ilikuwa makosa. Mimi sikubaliani. Ni rahisi kupanga nyumba vizuri ukiwa umeshaijenga mara moja na umejua vyumba vinakaa wapi. Ile ya kwanza ndiyo iliyohitaji lugha inayokuacha ufikiri.

Intel walioneshwa CP/M hawakuitaka. PL/M waliibakiza, mfumo wa diski wakamwachia mwenyewe. Basi yeye na mkewe Dorothy wakafungua kampuni, wakaiita Intergalactic Digital Research. Ndiyo, ya magalaksi! Baadaye wakapunguza majivuno ikabaki Digital Research. Walianza kuuza kwa posta, dola 70 kwa nakala. Dorothy alishika upande wa biashara na mikataba, Gary upande wa kuandika.

Halafu likaja jambo la IMSAI, na kwangu mimi hili linazidi hata PL/M.

IMSAI ilikuwa kampuni inayotengeneza kompyuta zenye 8080. Walikuwa wanauza draivu za diski bila mfumo wa kuziendesha, wakaja kwa Gary. Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na saketi yake ya diski, skrini yake, printa yake. Kila mteja mpya akija, Gary anarudi kuchokonoa mfumo mzima kubadilisha sehemu zinazogusa vifaa. Ukiwa na wateja 3 unaweza, wakiwa 300 utakufa.

Alichofanya 1976 ni kukata. Kila kitu kinachogusa kifaa, soma herufi kutoka kibodi, andika herufi kwenye skrini, peleka kichwa cha diski njia fulani, soma kipande fulani, akakikusanya mahali pamoja padogo na kupaita BIOS. Vilivyobaki vyote haviruhusiwi kugusa kifaa moja kwa moja, lazima vipitie BIOS. Mwenye mashine mpya anaandika hicho kipande kidogo tu, CP/M iliyobaki inakaa juu yake kama ilivyo, na programu za watu zinakaa juu ya CP/M kama zilivyo.

Naam, ni BIOS ile ile uliyokuwa ukiiona jina lake ukiwasha Pentium ya cafe na kubonyeza Delete. Jina limetoka kwake.

IMSAI wakalipa dola 25,000 kwa laiseni. Baada yao wakaja wengine na wengine. Prosesa ya Z80 ilipotoka ilikuwa inaelewa amri za 8080, CP/M ikapanda humo bila jasho. WordStar ya mwaka 1978 ilikuwa ya CP/M. dBASE II vile vile. Na hili nalipenda: mwaka 1980 Microsoft walitoa kadi yenye Z80 ya kuchomeka ndani ya Apple II, ili mwenye Apple aweze kuendesha CP/M. Microsoft ya Bill Gates ilikuwa inapata hela nzuri kwa kuuza kitu cha kumwezesha mtu kuendesha mfumo wa Kildall. Dunia hii!

Kabla ya hapo, ukinunua kompyuta ya kampuni X, unatumia programu za kampuni X, kampuni ikifa na wewe umekufa. Baada ya hapo, mtu wa programu anaandika mara moja na mashine za makampuni kibao zinaendesha. Ndiyo maana mtu mwenye mashine kuukuu alibaki mtu, hakutupwa.

Haya, sasa ndege.

Agosti 1980 IBM walikuwa wanatengeneza kompyuta ndogo kwa siri na haraka. Walikwenda kwanza kwa Gates wakitaka lugha zake na pia mfumo endeshi. Gates hakuwa nao, akawaelekeza kwa Kildall, akampigia simu. IBM wakafika Pacific Grove. Asubuhi hiyo Gary alikuwa ameruka na ndege yake ndogo kwenda upande wa Oakland kumpelekea mteja kazi. Alikuwa kazini, siyo kwamba alikwenda kucheza hewani. Nyumbani alikuwepo Dorothy, ambaye ndiye alizoea kushughulikia mikataba. IBM wakamwekea karatasi ya siri wasaini kabla ya maneno yoyote, karatasi kali kweli inayoibana kampuni ndogo na kuiacha IBM huru. Dorothy na mwanasheria wakasita. Ungekuwa wewe ungesaini?

Baada ya hapo wahusika walisimulia tofauti. Gary alisema alirudi mchana wakaongea. Upande wa IBM kuna aliyesema hakumwona. Kinachojulikana ni kwamba IBM walitaka kununua mfumo kwa bei moja bila kulipia kila nakala na kuubadili jina, na kwa Digital Research kila nakala ndiyo chakula. Hawakuelewana, IBM wakarudi kwa Gates.

Na Gates hakuandika kitu. Kule Seattle kampuni ndogo ya Seattle Computer Products ilikuwa na kijana Tim Paterson, walikuwa wametengeneza kompyuta yenye prosesa mpya ya 8086 na wamechoka kusubiri Digital Research watoe CP/M yake. Hapa lazima niseme ukweli hata kama nampenda mzee: Digital Research walichelewa. 8086 ilitoka 1978, na 1980 CP/M-86 ilikuwa haijaingia mtaani. Paterson akaandika wa kwake, 86-DOS, akifuata mwito kwa mwito namna programu zinavyoiita CP/M. Alikuwa na sababu ya msingi. Intel waliitengeneza 8086 ili programu ya asembli ya 8080 iweze kutafsiriwa karibu kimashine, kwa hiyo kama mfumo unaitikia miito ile ile, programu zote za CP/M zinahama kirahisi. Ndani aliweka vyake, hasa namna ya kupanga faili kwenye diski. Julai 1981 Microsoft wakaununua wote, malipo ya mwisho dola 50,000. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM PC ikatoka na mfumo huo ukiitwa PC DOS.

Gary alipouona aliona sura ya mtoto wake. Akawabana IBM. Wakati huo sheria ya hakimiliki kwa programu ilikuwa bado changa Marekani, kesi ingekuwa ya kubahatisha. IBM wakamtuliza kwa kukubali kuuza na CP/M-86 pia. Alipoona bei alichoka: PC DOS dola 40, CP/M-86 dola 240. Mteja yupo dukani, anachagua nini? Mchezo uliishia hapo.

Ila kampuni haikufa siku hiyo kama watu wanavyosimulia. Digital Research waliendelea kupeleka CP/M kwenye prosesa nyingine. Ya Motorola 68000 sehemu kubwa waliiandika kwa C, maana kufikia hapo C ilikuwa imeshika kasi na PL/M ilikuwa mali ya Intel. Mwaka 1988 wakatoa DR-DOS, ambayo iliwasumbua Microsoft kweli kweli.

Sasa ile tasnifu niliyosema msiisahau.

Mwaka 1973, huku akihangaika na chipu za Intel, Gary alitoa andiko kwenye mkutano wa wataalamu wa lugha za programu huko Boston. Lilionyesha njia moja ya jumla ya kompaila kufuatilia data ndani ya programu. Kwa lugha rahisi: programu ina njia panda na mizunguko mingi. Kompaila inataka kujua, nikifika mstari huu, ni jambo gani lina uhakika bila kujali nimepita njia ipi? Kildall alisema beba taarifa kwenye kila njia, njia zinapokutana changanya na bakiza tu lile ambalo zote zinakubaliana, zunguka tena na tena mpaka pasiwepo kinachobadilika. Na akathibitisha kwa hesabu kwamba kuna wakati utasimama, huzunguki milele. Kwenye vitabu vya kompaila njia hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kwa nini ninalileta? Kwa sababu kuna ubishi mkubwa wa miaka hii kwenye Linux. Toleo la 6.1, Desemba 2022, ndilo la kwanza kuruhusu lugha ya Rust ndani ya kerneli, ambayo miaka yote ilikuwa ya C na asembli kidogo. Rust inakamata makosa ya memori kabla programu haijaendeshwa, na inafanya hivyo kwa kufuatilia data njia kwa njia, ukoo ule ule wa fikra wa Kildall. Lakini kompaila yake inategemea mtambo uitwao LLVM kutoa namba za prosesa, na LLVM haitoi kwa kila prosesa. Linux yenyewe bado ina watu wanaoiendesha kwenye Alpha na PA-RISC, mashine za miaka ya 1990, na LLVM haina sehemu za hizo. GCC inazo. Kwa hiyo kuna mafundi wanaohangaika kuunganisha Rust na GCC, na kuna wanaosema mashine hizo ni za makumbusho, ziachwe.

Ukiwasikiliza utadhani ni ubishi mpya kabisa. Ni ule wa 1972: lugha nzuri ipo, chipu ipo, katikati hamna mtu wa kutafsiri. Sijui Gary angechukua upande gani, ila najua alipokutana na hali hiyo alikwenda kuandika kompaila.

Miaka ya baadaye naipitia haraka. Yeye na Dorothy waliachana 1983. Kuanzia mwaka huo mpaka 1990 alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, pamoja na Stewart Cheifet, na video zake zipo mtandaoni, muone mtu mpole anavyoeleza mambo bila kujikweza. Alianzisha kampuni nyingine iliyoiweka ensaiklopidia ya Grolier kwenye CD-ROM mwaka 1985, wakati wengi hawajui hata CD ya kompyuta ni nini. Mwaka 1991 Digital Research ikanunuliwa na Novell. Hela alikuwa nazo, magari na ndege, hakufa maskini.

Kilichomuuma ni kitu kingine. Mwaka 1992 chuo chake cha Washington kiliadhimisha miaka 25 ya kitengo cha kompyuta. Yeye ni zao la kile kitengo, na mzungumzaji mkuu aliyealikwa ni Bill Gates, ambaye hakusoma pale. Gary akakaa akaandika kumbukumbu za maisha yake, akagawia marafiki na familia nakala. Alikuwa anakunywa sana miaka hiyo. Watoto wake wawili hawakuficha hilo walipokuja kuruhusu sehemu ya kwanza ya maandishi hayo itolewe na jumba la makumbusho ya kompyuta la California mwaka 2016. Sehemu zilizofuata walizizuia, wakisema hazikumwonyesha baba yao alivyokuwa.

Julai 1994 alianguka na kuumia kichwa ndani ya baa moja mjini Monterey. Nini hasa kilitokea hakijawahi kuwa wazi. Alifariki tarehe 11 Julai, akiwa na miaka 52. Akazikwa Seattle.

DR-DOS yake ilikuja kuleta kesi baada yeye kuondoka. Kampuni ya Caldera iliinunua 1996 na kuwashitaki Microsoft kwa kuihujumu. Kesi ikamalizwa nje ya mahakama Januari 2000, Microsoft wakalipa. Kiasi kilifichwa miaka mingi kabla ya kujulikana kuwa ni dola milioni 280.

Mwaka 2014 waliweka bamba la kumbukumbu mbele ya nyumba ya zamani ya kampuni pale Pacific Grove. Mwaka huo huo makumbusho yale yakatoa maandishi halisi ya CP/M ya zamani, mtu yeyote apakue bila kulipa kwa kujisomea.

Na kama hapo ulipo unatumia Windows, jaribu kufungua folda mpya uipe jina CON. Haitakubali. Kuna barua pepe zilizunguka zikisema hata Bill Gates hajui kwa nini. Sababu ipo: ni jina la skrini na kibodi kama kifaa, jina la enzi za CP/M, DOS ikalirithi, Windows ikalirithi kwa DOS. Herufi za draivu A, B, C nazo zimepitia huko huko kwa mzee.

Mimi yale maandishi ya zamani nimeyapakua, ni mafaili madogo hata bando haliumii. Asembli yake sijaimaliza. Ya PL/M unasoma tu: hapa anatafuta faili, hapa anahesabu nafasi iliyobaki kwenye diski, hapa anarudi. Wenye swali lolote au wanaotaka tuyasome pamoja mstari kwa mstari, tukutane kwenye maoni hapo chini.